Mwacheni Amalize Mwenyewe

Nimekabidhi funguo za chumba namba saba mwezi uliopita, na vijana wa idara wameniomba niandike machache kabla sijayasahau. Kusahau nasahau kweli, lakini mambo ya kazini hayanitoki. Ninachosahau ni mahali nilipoweka miwani. Habari za vyeo na mishahara siwaandikii. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kigugumizi, kwa kuwa ndicho kilichonilisha ugali miaka yote hii, na juu ya siku niliyoitia aibu taaluma yangu mbele ya mtaa mzima wa Ng'ambo, tena kwa kipaza sauti. Najua wengine mmeisikia habari hiyo kantini. Ya kantini imetiwa chumvi nyingi, kwa hiyo isomeni hapa kwa mwenyewe.

Nilipelekwa kliniki ya masikio, pua na koo nikiwa muuguzi mchanga, nimetoka wodi ya wazazi, nimezoea kupiga kelele. Wodi ya wazazi ukisema taratibu hakuna anayekusikia. Sikuchaguliwa kwa kipaji chochote. Kulikuwa na kiti kitupu na mimi nilikuwa nimesimama. Mkuu wangu alikuwa Tabibu Lubasha, mtu mrefu, mpole, koti lake jeupe halikosi pasi, na hakuna aliyenidokeza kwamba ana kigugumizi. Nilimwamkia shikamoo, akachukua muda mrefu kufika kwenye marahaba mpaka nikadhani nimemkosea. Kisha akasema nimletee "ka-ka-ka", akakwama hapo. Mimi nikaruka. Nikaleta kalamu. Akatikisa kichwa, akaanza upya. Nikaleta kadi, nikaleta karatasi, nikaleta kabrasha la mgonjwa wa jana yake, na nilikuwa nalitazama kabati nikijiuliza nitaanzia upande gani kulisukuma. Akanitazama nikihangaika mle ndani hadi nikaishiwa vitu, ndipo akamaliza. Alikuwa anataka kahawa.

Aliinywa bila haraka, halafu akaniambia neno moja ambalo nimewaambia wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu. "Neno langu ni langu, Sista. Hata likichelewa, usinichukulie." Nimeliandika bila kigugumizi chake ili kubana karatasi, na yeye mwenyewe angekubali, maana alikuwa bahili wa karatasi za serikali. Tangu siku hiyo alinifundisha kukalia mikono. Mgonjwa akianza kusema, mikono yangu iende chini ya mapaja, macho usoni kwake, na mdomo ufungwe mpaka amalize. Mnacheka, lakini jaribuni kwa mtu anayetafuta neno dakika nzima huku nyinyi mnalijua. Ni kazi ngumu kuliko kumzalisha mama wa mapacha.

Baada ya mikono, akanifundisha sababu. Kigugumizi hakiletwi na mtoto kutekenywa, wala kunyolewa kabla hajasema, wala kuonyeshwa kioo, wala kumwiga jirani. Mara nyingi kimo kwenye ukoo. Kinaanza mtoto anapoanza kuunga maneno, umri ule wa kuuliza "hii nini" mchana kutwa, kwa sababu kichwa na mdomo vinapishana kidogo katika kupokezana maneno. Watoto wengi kinawaacha chenyewe, wachache kinabaki nao. Hofu na haraka havikizai, ila vikikikuta vinakinenepesha. Na mwenye kigugumizi hana upungufu wowote wa akili. Anajua kabisa anachotaka kusema, kuliko wengi wetu tunaosema moja kwa moja.

Sasa nenda kawaambie hayo watu. Kila familia iliyoingia chumba chetu namba saba ilikuja na mtoto na mshitakiwa wake, na mshitakiwa alikuwa mama. Namkumbuka bibi mmoja kutoka Urambo, aliyemleta mkwewe kwa hasira, akisema mjukuu amekuwa hivi kwa sababu mama yake alikula ulimi wa mbuzi akiwa mjamzito. Nikamuuliza, na wewe bibi, ulipokuwa na mimba ya huyu mwanao ulikula nini? Akasema alikula vizuri tu, mihogo na maziwa. Mwanawe, yaani baba wa mtoto, alikuwa amekaa pembeni kimya tangu asubuhi. Akaona mkewe anaonewa, akajitosa kumtetea. "Ma-ma-ma-mama," akaanza, na hakuvuka hapo. Bibi akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akafunga mkoba wake. Kesi ya ulimi wa mbuzi ikaishia palepale, na mkwe akatoka amenyoosha shingo.

Dawa za nyumbani nilizosikia zingejaza daftari. Wako waliopigwa mwiko mdomoni mvua ya kwanza ikinyesha. Yuko mtoto aliyewekewa nyenje mdomoni, yule mdudu anayelia mchana kutwa bila kupumzika, eti amwambukize mtiririko. Mtoto akafunga mdomo, nyenje akaenda zake tumboni. Wiki nzima mtoto hakukubali kufungua mdomo mbele ya mtu, na kwa kuwa hakusema, hakugugumia. Babu yake akaja kliniki kutuarifu kwamba amepona, na kututaka nasi tuanze kutumia nyenje. Nilimshukuru kwa heshima zote.

Mwingine alikuwa mchimbaji wa dhahabu kutoka upande wa Nzega. Aliambiwa achimbe shimo dogo nyuma ya nyumba, ainame, agugumie mle ndani, afukie. Jamani, umwambie mchimbaji achimbe shimo dogo. Aliposhika sururu hakujua pa kuachia, akaenda chini mpaka kichwa kikapotea, akagugumia alichogugumia, akapanda juu na kulifukia vizuri. Majirani walikuwa wamemwona. Asubuhi akaamka akakuta watu kumi na majembe yao wanafukua, na mmoja ameshaanza kuosha mchanga kwenye karai. Akataka kuwaeleza kilichozikwa, lakini kile kigugumizi kilikuwa hakijazikwa sawasawa, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza walishapasua bomba la maji la shule.

Msidhani sisi wa hospitali tulikuwa na akili zaidi. Mgeni mmoja alituachia kidude cha mapigo, kile cha wanamuziki, kisanduku cha mbao chenye kijiti kinachoyumba huku na huku na kugonga. Mgonjwa anasema silabi moja kila kinapogonga, na kweli maneno yanatoka bila kukwama. Tulishangilia sana. Kisha mgonjwa mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akayapeleka mapigo yale darasani kichwani mwake, akafundisha hesabu kwa mwendo uleule, ta-no-ju-mli-sha-mbi-li. Watoto siku ya kwanza walitulia. Siku ya pili walianza kugonga miguu. Siku ya tatu darasa zima lilikuwa linapiga kwata, na mwalimu mkuu akaja kuniuliza tunampa nini mwalimu wake. Lubasha akakifungia kile kidude kabatini, na sikuwahi kumwona akikitoa tena.

Tulijaribu pia kusoma kwa pamoja, na hilo lina maana, kwa sababu karibu kila mwenye kigugumizi akisoma sambamba na wenzake au akiimba, maneno yanapita. Hatukuwa na vitabu, basi nikawapanga wagonjwa watano kwenye korido, tukasoma bango la kunawa mikono. Tulisoma vizuri, sauti moja, taratibu. Tulipofika "nawa kwa maji tiririka na sabuni", wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya meno walishavua kofia. Tulipomaliza wakaitikia amina, na mama mmoja akaniomba nimwombee jino lake.

Kilichosaidia kweli ni mambo madogo yanayochosha. Kuanza neno polepole, kwa pumzi. Kuvuta silabi ya kwanza badala ya kuigonga. Kugugumia kwa makusudi, ili uache kukiogopa. Kumtazama unayesema naye. Kubwa kuliko yote ni la yule anayesikiliza, nalo ni kungoja. Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa ushauri huo, kwa sababu watu wanapenda dawa inayomezwa na mgonjwa, hawapendi inayomezwa na wao.

Lubasha alistaafu, akarudi kwao kufuga nyuki, na mimi nikabaki na namba saba. Hapo ndipo alipokuja Pazi.

Pazi alikuwa fundi wa cherehani Ng'ambo, kijana wa miaka thelathini hivi, Mzaramo ambaye babu yake aliletwa Tabora na kazi ya reli na hakurudi tena pwani. Alishona suruali nzuri mno, na alizishona na pini mdomoni. Mafundi wengi hufanya hivyo wanapopima, lakini Pazi alikuwa nazo tangu anafungua duka mpaka anafunga, hata akiwa hapimi, kwa sababu mtu mwenye pini mdomoni hakuna anayemtarajia aseme. Aliagiza wali siku zote kwa mama ntilie, ingawa alipenda pilau, kwa kuwa P haikumtoka. Na jina lake mwenyewe linaanza na hiyohiyo P. Kwenye dirisha la kadi walimuuliza jina, akahangaika, foleni ikaguna, akatoa jina lililotoka bila tabu: Issa. Miezi miwili nilimtibu Issa. Siku moja nilimwita koridoni mara nne, hakugeuka, nikaja juu. Ndipo aliponieleza, kwa shida, kwamba Issa ni jina la dharura.

Dawa yake niliigundua kwa hasira. Alichelewa, nami nilikuwa nimeshinda nikimngoja, nikamwambia nyinyi Wazaramo ngoma ikilia mnasahau hata mnaumwa. Bila kupepesa macho akanijibu, "Na nyinyi Wanyamwezi mkiona mgonjwa amelala kwenye machela mnagombania zamu ya kubeba." Sentensi nzima. Hakuna hata silabi iliyokwama.

Kwa nyinyi mliokuja Tabora kwa barua ya uhamisho, niwaeleze. Babu zetu walibeba pembe na shehena za watu mpaka pwani, na njia ilipita kwa Wazaramo. Huko ndiko utani ulikozaliwa. Mpaka leo Mzaramo anaweza kuniambia lolote juu ya ukoo wangu na mabega yetu, nami nikamwambia lolote juu yake, na atakayekasirika ndiye mshamba. Kwa Pazi, maneno ya utani hayakuwa na uzito. Hakuna anayempima, hakuna anayemwonea huruma, anatakiwa tu atukane vizuri. Basi kila kipindi tulianza kwa dakika kumi za matusi, kisha tunahamia polepole kwenye maneno ya kawaida, tukiuburuza ule wepesi kadiri utakavyofika. Kwenye faili niliandika "mazoezi ya mazungumzo huru". Askari wa getini, Masanja, alikuja mbio mara mbili akidhani tunapigana.

Baada ya mwaka mmoja Pazi aliweza kutaja jina lake dukani, na pini akaziweka kwenye kimto chake kama mafundi wengine. Pilau aliiagiza, akaniletea sahani nzima ofisini kuthibitisha. Nilijiona nimeweza kazi. Halafu akaja siku moja, akakaa, akakunja kofia yake mara nne, na akaniambia anaoa.

Mchumba wake alikuwa Zuhura, binti wa Mzee Mrisho muuza asali wa hapo hapo Ng'ambo. Walipendana miaka mitatu na wazee wote walikuwa wameridhia. Kilichobaki ni kuozwa. Baba wa binti anamshika bwana harusi mkono na kumwambia, "Nakuozesha binti yangu," naye anatakiwa ajibu papo hapo, mashahidi wakisikia: "Nimekubali kumuoa Zuhura binti Mrisho kwa mahari tuliyokubaliana." Baba mdogo wa Zuhura, Bwana Hamisi, mtu wa haraka na mpenda shughuli ziishe, alisema bwana harusi akigugumia mbele ya mashahidi ataonekana amelazimishwa, na ukoo utachekwa. Akataka Pazi aweke wakili, mtu wa kumjibia. Dini inaruhusu. Kama hataki wakili, alisema Hamisi, na akakwama mbele ya watu, basi yeye atasimama na kuwaambia wageni waende nyumbani.

Nilimwambia Pazi ukweli, kwamba wakili si aibu, wenye sauti nzuri tu pia huweka wakili. Akatikisa kichwa. Alichonijibu kilichukua muda, na niliukalia mkono wa kulia na wa kushoto mpaka vidole vikafa ganzi. "Mtu mwingine akubali, halafu mimi ndiye nioe? Zuhura amelingoja neno hili kwangu miaka mitatu, Sista. Nitalisema mimi." Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta kadi, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na bado nilikuwa kazini.

Tulifanya mazoezi wiki sita. Utani hapa haukutufaa. Mzee Mrisho ni Mnyamwezi, mtani kabisa, lakini akishakuwa mkwe hataniwi. Unainamisha macho na kumwita baba. Kwa hiyo tulirudi kwenye pumzi na kuvuta silabi. Nilimwomba Masanja wa getini awe baba mkwe, na akaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alikaa kwenye kiti changu, akamshika Pazi mkono, akasema "Nakuozesha binti yangu" kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe wengi. Masanja ana watoto wa kiume watupu, lakini wiki zile aliozesha binti mara arobaini. Mara ya mwisho Pazi alijibu bila kukwama popote, na Masanja akadai kitenge cha mama mkwe.

Siku ikafika, Ijumaa baada ya swala ya mchana. Wanaume walikaa kwenye mikeka uani kwa Mzee Mrisho, chini ya turubai. Sisi wanawake tulikuwa sebuleni, Zuhura katikati yetu amefunikwa mtandio, na mimi nikakaa chini ya dirisha, pazia likinitenganisha na bwana harusi kwa kadiri ya mkono mmoja. Nilikuwa nimekalia mikono yangu kabla hata shehe hajafika. Kisha mwenye muziki, bila kuombwa na mtu, akaja na kipaza sauti, akakisimamisha katikati ya Pazi na mkwewe, mbele ya dirisha langu, na spika zake mbili akazielekeza barabarani. Nilitamani nimnyonge kwa waya wake.

Mzee Mrisho akasema maneno yake vizuri. Pazi akavuta pumzi, nikaisikia. "Ni-ni-ni-ni," spika zikasema, na Ng'ambo nzima ikasikia. Akarudi mwanzo. "Ni-ni-nime-nime." Nilichungulia kwenye pindo la pazia. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola ya kanzu aliyoishona mwenyewe, na jirani zake wote kwenye mikeka walikuwa wanachezesha midomo, wazee kwa vijana, kila mmoja anamsaidia kimya kimya, mpaka ua mzima ukawa unatafuna hewa. Barabarani bodaboda zilisimama. Hamisi akaanza kunong'ona, wakili, wakili, akataka kuinuka. Shehe akamshika kanzu akamwambia ameshaanza kujibu, mwacheni amalize.

Na mimi, wanangu, mimi niliyefundisha kungoja, niliyewafukuza ofisini akina baba kwa kuwamalizia watoto wao maneno, nilikuwa naungua. Nililijua neno lile. Nilikuwa nimelisikia mara arobaini. Lilikuwa pale mdomoni mwake, limetokeza nusu, kama kichwa cha mtoto, na nilikuwa nimetoka wodi ya wazazi.

"Nimekubali!" nikapiga kelele.

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya dirisha. Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili. Barabarani mama mmoja muuza vitumbua, asiyejua lolote, akapiga vigelegele, na wenzake wakampokea. Wakawa wananishangilia mimi kwa kumuoa Zuhura. Shehe akauliza kwa upole ni nani aliyekubali. Wanawake wote sebuleni wakasogea pembeni ili nionekane vizuri, na Hamisi akafunua pazia. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemharibia mgonjwa wangu saa aliyoingojea miaka mitatu, kwa tabia ambayo niliapa siku yangu ya kwanza namba saba kuiacha.

Pazi akageuka akanitazama. "Nyinyi Wanyamwezi mmezidi," akasema, kwa sauti iliyonyooka, kwenye kipaza sauti. "Mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani, leo mnabeba hadi wake zao? Huyu niachie, namchukua mwenyewe."

Ua ukalipuka. Mzee Mrisho alicheka mpaka akavua kofia kujifutia macho, mkwe si mkwe. Shehe aligeuzia uso ukutani, mabega yanamtikisika. Hamisi peke yake hakucheka. Alishangaa, akasema kumbe anaweza, basi aseme hivyo hivyo tumalize. Mimi pia, nakiri, nilidhani njia imefunguka. Shehe akaomba waanze upya, Mzee Mrisho akavaa kofia, akamshika tena mkono, akasema, "Nakuozesha binti yangu."

"Ni-ni-ni-ni," akasema Pazi.

Kilikuwa kigugumizi kilekile, labda kibaya zaidi. Utani ulikuwa hauna uzito, hili lilikuwa na uzito wote. Lakini safari hii hakuinamisha kichwa. Alimtazama Mzee Mrisho usoni, akagugumia wazi bila kuficha, akavuta pale tulipofundishana kuvuta. Hakuna aliyechezesha mdomo. Hamisi aliliachia pazia, akakaa, na nilipochungulia nikamwona naye amekalia mikono yake, sijui nani alimfundisha. Mimi nilikuwa nimejaza upindo wa kanga mdomoni. "Nime-nime-nimeku-ku-kubali kumuoa." Akapumua. "Zuhura." Jina lilitoka zima, mara moja. "Bi-bi-binti Mrisho, kwa ma-ma-mahari tuliyo-tuliyokubaliana." Shehe akawauliza mashahidi kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akauliza kama wamesikia vizuri, na mmoja akajibu kwamba wamesikia mpaka stesheni.

Nilimgeukia Zuhura wakati wenzangu wanapiga vigelegele, safari hii vya haki. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia mwanangu nisamehe, nimeingilia shughuli yako, na mumeo amehangaika hivi mbele za watu. Akafunua mtandio. Nilitegemea nimkute analia, lakini alikuwa amekunja vidole kama mtu anayehesabu.

"Dada yangu alipoolewa alikubaliwa mara moja tu, Sista," akasema. "Mimi nimehesabu. Nimekubaliwa mara kumi na tano."